Mwaka wa 7: mtoto mmoja, walimu kumi, na saa moja inayokosekana

Mwaka uliopita mtoto alikuwa na mwalimu mmoja tu. Mwalimu huyo alijua jina lake, alimjua mama yake, alijua avenue anamokaa, na alijua hata siku ambazo mtoto anafika shuleni bila kunywa chai. Mwezi wa tisa, mtoto huyo huyo anaingia mwaka wa 7. Kengele inalia: mwalimu wa hesabu anatoka, mwalimu wa Kifaransa anaingia. Kengele inalia tena: wa sayansi anaingia. Juma linapoisha, mtoto amepita mbele ya walimu wanane, kumi ao zaidi. Kila mmoja ana sheria zake. Kila mmoja anatoa kazi ya nyumbani kana kwamba ni yeye peke yake anayefundisha.

Periode ya kwanza inaisha, pointi zinatoka. Mwalimu wa hesabu anasema mtoto ni mzito. Mwalimu wa Kifaransa anasema mtoto ni mvivu wa kusoma. Mwalimu wa sayansi hajamwona tangu majuma mawili, lakini anafikiri kwa wengine anafika. Labda mtoto haoni vizuri ubao. Labda anauza maandazi mpaka usiku. Labda familia ilikimbia vita na sasa wanalala watu kumi na wawili katika chumba kimoja. Kila mwalimu ameshika kipande chake cha habari, na hakuna mahali ambapo vipande hivyo vinakutana.

Kuna njia ya kufundisha ambayo ilifikiriwa juu ya watoto wa umri huu: walimu kadhaa kushika darasa moja kama ekipe. Haiombi jengo jipya wala kompyuta. Inaomba kitu kimoja ambacho shule zetu nyingi hazijaweka katika ratiba, yaani saa moja kwa juma ya walimu kuketi pamoja.

Shule ya katikati, hapa kwetu

Katika nchi nyingi, watoto wa miaka 12 mpaka 14 wana shule yao ya katikati, kati ya shule ya msingi na sekondari. Kwetu Kongo haikuitwa hivyo, lakini iko. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 februari 2014, ile inayopanga elimu ya taifa, iliweka elimu ya msingi kuwa ya miaka 8. Ndiyo maana darasa ambalo wazazi walikuwa wanaliita première secondaire sasa linaitwa mwaka wa 7, na deuxième imekuwa mwaka wa 8. Mwishoni mwa mwaka wa 8 kuna mtihani wa kitaifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi, ENASOSP. Baada ya hapo mtoto anaelekea kwenye sayansi, pedagogia, biashara ao ufundi. Kwa hiyo miaka hiyo miwili si midogo. Ndiyo inayoamua njia.

Lakini kwenye karatasi mtoto yuko bado katika elimu ya msingi, na kwenye kiti ameketi katika shule ya sekondari. Walimu wake walisomea kufundisha somo moja ao mawili. Wanajua vizuri somo lao. Kumjua mtoto mzima, hiyo haikuwa katika mkataba wao.

Kuanzia mwaka 2018, programu ya sayansi katika madarasa haya ilibadilika. Hesabu, sayansi ya maisha na ya dunia, na fizikia pamoja na teknolojia na kompyuta, vyote vimewekwa ndani ya fungu moja linaloitwa Domaine d'Apprentissage des Sciences. Somo linaombwa lianzie katika jambo la maisha: ugonjwa, shamba, soko, mto, simu. Na jambo la maisha halijui mipaka ya masomo. Atakayeeleza bei ya makala sokoni atahitaji hesabu. Atakayeeleza moshi wake atahitaji sayansi ya mwili. Atakayeeleza msitu unaokatwa atahitaji jiografia. Programu hiyo, ukiisoma vizuri, inawaomba walimu waongee. Lakini programu haiwezi kuita mkutano. Ni shule inayoita mkutano.

Ekipe ya walimu ni nini?

Wazo hili lina umri. Mwaka 1957, katika mji wa Lexington, jimbo la Massachusetts huko Marekani, shule moja ya msingi iitwayo Franklin ilianza, pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard, kufundisha kwa ekipe: walimu kadhaa kubeba pamoja kundi moja kubwa la watoto, wakigawanya kazi kufuatana na nguvu za kila mmoja. Mwaka 1963, mwalimu William Alexander alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Cornell akiomba shule ya kweli ya katikati, isiyo sekondari ndogo tu. Na mwaka 1989, ripoti ya shirika la Carnegie iliyoitwa Turning Points ilisema wazi kwamba shule ya umri huu igawanywe katika vikundi vidogo, ekipe ya walimu ishike kikundi chake, na kila mtoto ajulikane vizuri na mtu mzima angalau mmoja.

Toka hapo, maneno « kufundisha kwa ekipe » yana maana mbili, na ni vizuri kuzitofautisha.

Maana ya kwanza: walimu watatu, wanne ao watano wa masomo tofauti wanashika watoto walewale, na wanakutana kila juma kupanga masomo na kuongea juu ya watoto hao. Kila mmoja anaingia darasani peke yake, lakini hafanyi kazi peke yake.

Maana ya pili: walimu wawili wanaingia pamoja darasani, saa ileile, mbele ya watoto walewale.

Ya kwanza ndiyo mzizi. Ya pili ni tawi. Shule inayoanzia kwenye tawi, yaani kuweka walimu wawili mbele ya ubao bila kuwapa saa ya kupanga, inapata walimu wawili wanaotazamana.

Juma moja, jambo moja: maji

Tuchukue mfano ambao kila mtoto wa Goma, Bukavu, Uvira ao Kalemie anaufahamu: maji na kipindupindu. Ugonjwa huu unarudi kila mara katika miji yetu ya pembeni ya ziwa. Walimu watano wa mwaka wa 7 wanaketi siku ya ijumaa na kukubaliana: juma linalokuja, kila mmoja atafuata programu yake, lakini wote wataanzia kwenye bidoni ya maji.

Jumatatu, mwalimu wa sayansi ya maisha anaeleza namna kipindupindu kinavyoingia: microbe iliyo ndani ya maji ao chakula kilichochafuliwa na choo, si hewa mbaya, si uchawi. Anaeleza kwa nini mgonjwa anakauka haraka, na kwa nini kitu cha kwanza ni kurudisha maji na chumvi mwilini wakati anapelekwa kwenye kituo cha afya.

Jumanne, mwalimu wa hesabu anachukua dawa ya nyumbani inayojulikana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Sasa swali: una chupa ya lita 1 na nusu, utatia nini? Mtoto anapata vijiko 9 vya sukari na robo tatu ya kijiko cha chumvi. Una nusu lita tu? Vijiko 3 na robo kijiko. Hapo sehemu na uwiano si michoro tena kwenye ubao. Anayekosea kwa kutia chumvi mingi anamdhuru mgonjwa, na mtoto anaelewa kwa nini hesabu inahitaji kusahihishwa.

Jumatano, mwalimu wa fizikia na teknolojia analeta chupa ya plastiki iliyokatwa, mchanga, changarawe na makala. Maji ya matope yanapita, yanatoka meupe. Watoto wanafurahi. Ndipo mwalimu anauliza: tunaweza kuyanywa? Jibu ni hapana, na hilo ndilo somo kubwa la juma. Chujio hilo limeondoa matope, halikuondoa microbe. Lazima kuchemsha ao kutia klorini. Na kuchemsha kwenyewe kuna siri: pembeni ya ziwa Kivu, kwenye urefu wa karibu metre 1 460 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na digri 95, si 100. Uvira na Kalemie, pembeni ya Tanganyika ambayo iko chini zaidi, yanachemka karibu na 97. Joto hilo linatosha kuua microbe ya kipindupindu, lakini mtoto ameona kwamba kitabu kinachosema 100 kilikuwa kinaongea juu ya mahali pengine.

Alhamisi, mwalimu wa jiografia anawaomba watoto wachore avenue zao: robineti ya watu wote, mtoni, ufukweni, vyoo. Anawasimulia ya London mwaka 1854: daktari John Snow aliweka kwenye karata nyumba za waliokufa kwa kipindupindu, akaona zinazunguka pompe moja ya maji katika barabara ya Broad Street. Tarehe 8 septemba mpini wa pompe hiyo ukaondolewa. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa chafu; karata ilikuwa kati ya vitu vilivyoonyesha kwamba ni maji.

Ijumaa, mwalimu wa Kifaransa anachukua yote hayo na kuwaambia: andikeni tangazo la mistari sita, upande mmoja Kifaransa, upande mwingine Kiswahili, la kubandika karibu na robineti. Mtoto ambaye kila mara anaogopa composition, juma hili hana shida ya kutafuta la kusema. Analijua.

Hakuna mwalimu aliyeacha programu yake. Hakuna saa iliyoongezwa. Lakini mtoto amesikia jambo moja kwa midomo mitano, na kila mdomo umelipa sura nyingine.

Kuna faida nyingine ambayo wazazi hawaioni. Walimu wakiketi pamoja ndipo wanagundua makosa ya ratiba. Mwalimu wa sayansi anataka kusema « asilimia 20 » mwezi wa kumi, mwalimu wa hesabu alipanga asilimia kwa mwezi wa pili. Kila mmoja alikuwa anashangaa kwa nini watoto hawaelewi. Dakika mbili za kuongea zinatosha kubadilisha.

Na pointi je? Hili ndilo swali la kwanza la walimu, na ni la haki, kwa sababu bulletini yetu inaomba pointi kwa kila somo. Jibu ni rahisi: kazi ni moja, lakini kila mwalimu anasahihisha upande wake. Tangazo la ijumaa linaweza kumpa mwalimu wa Kifaransa pointi zake za lugha, na mwalimu wa sayansi pointi zake za ukweli wa yaliyoandikwa. Fiche ya kutayarisha somo inabaki ya kila mmoja. Juu yake kunaongezwa mstari mmoja tu wa jambo la pamoja. Inspekta akifika, anakuta kila kitu mahali pake.

Walimu wawili mbele ya watoto 70

Sasa tawi la pili. Wengi watacheka: shule haina hata mwalimu wa kutosha, itawezaje kuweka wawili katika darasa moja? Swali ni la kweli. Lakini tuangalie hali ilivyo: mara nyingi mwaka wa 7A na 7B ziko pembeni moja na nyingine, kila moja imejaa watoto 60 ao 70, na walimu wawili wanarudia somo lilelile. Ekipe haiongezi mwalimu. Inabadilisha namna ya kuwatumia waliopo.

Mwaka 1995, Lynne Cook na Marilyn Friend, wataalamu wa ualimu huko Marekani, waliandika juu ya njia ambazo walimu wawili wanaweza kugawana darasa. Hapa kuna njia tatu zinazofaa katika madarasa yetu.

Ya kwanza: mmoja anafundisha, mwingine anatazama. Si kutazama kwa kupumzika. Ameshika karatasi na anaandika: nani ananyoosha mkono, nani hajafungua daftari, nani ananakili kwa jirani kwa sababu haoni ubao. Katika darasa la watoto 70, mwalimu aliye peke yake haoni hayo. Anaona mistari miwili ya mbele.

Ya pili: kugawanya kundi. Mwalimu mmoja anabaki na watoto 50 kwenye zoezi la kuandika, mwingine anatoka na 20 ambao hawakuelewa sehemu, anawaketisha chini ya muti ama kwenye veranda, anaanza tena pole pole. Juma linalofuata ni wengine 20. Ni vizuri kubadilisha makundi, la sivyo watoto wale wataitwa « watoto wa muti » mpaka mwisho wa mwaka.

Ya tatu: kubadilishana. Mwalimu wa 7A ana nguvu katika jiometria, wa 7B katika algebra. Kila mmoja anatayarisha somo moja vizuri na kulifundisha mara mbili, katika darasa lake na katika lile lingine. Kazi ya kutayarisha inapungua kwa nusu, na watoto wanapata mwalimu aliyejitayarisha.

Iko na njia moja mbaya ambayo inajificha ndani ya zote: mmoja anakuwa mwalimu, mwingine anakuwa msaidizi wa kufuta ubao na kunyamazisha watoto. Inatokea zaidi wakati mmoja ana lisanse na mwingine ana diplome d'État, ao mmoja ni mzee na mwingine ni kijana, ao mmoja ni mwanaume na mwingine ni mwanamuke. Watoto wanaliona siku ya kwanza, na tangu siku hiyo hawamsikilizi tena yule wa pili. Dawa yake ni kupanga mbele, kwa kuandika: nani anafungua somo, nani anaeleza, nani anasahihisha. Juma linalofuata wanageuza.

Japan wamejua shida hiyo vizuri. Toka mwaka 1987 serikali yao inaleta vijana kutoka nchi za nje kusaidia kufundisha Kiingereza, wakiingia darasani pamoja na mwalimu wa Kijapani, hasa katika shule za katikati na sekondari. Pale walipopanga somo pamoja, mtoto alisikia lugha ikiongewa na watu wawili. Pale ambapo hawakupanga, mgeni alikuwa redio ya kusoma maneno, mwalimu akiyatafsiri.

Robo saa ya majina

Mpaka hapa tumeongea juu ya masomo. Lakini sababu kubwa ya ekipe haiko hapo.

Ekipe inayofanya kazi vizuri inagawanya saa yake hivi: nusu ya kwanza ni ya kupanga masomo, robo saa ni ya majina ya watoto, dakika zinazobaki ni za kuamua nani atafanya nini. Katika ile robo saa, titulaire anachukua orodha ya darasa na kutaja majina matano ao sita, si yote. Juu ya kila jina kila mwalimu anasema alichoona, kwa neno moja ao mawili. « Kwangu anasinzia. » « Kwangu yuko sawa, lakini daftari hana. » « Kwangu hajaonekana tangu jumanne. » Vipande vinakutana. Inaonekana kwamba mtoto anafika saa za kwanza tu, kisha anapotea kila siku ya soko. Sasa kuna jambo la kufanya: titulaire anampigia mzazi, kwa niaba ya wote, mara moja.

Mzazi naye anapata faida. Pahali pa kuitwa na walimu wanne kwa mashtaka manne, anaketi mbele ya mtu mmoja anayejua habari nzima.

Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, jambo hili lina uzito kuliko mahali pengine. Watoto wengi wamebadilisha shule katikati ya mwaka kwa sababu ya vita. Mtoto aliyekimbia anaingia darasa lenye watoto 70, bila bulletini, bila daftari, pengine bila kusema alikotoka. Mwalimu mmoja kati ya kumi anaweza kugundua. Lakini akigundua na hana mahali pa kulisema, habari inabaki kwake. Na mtoto wa umri huo hapigi kelele anapoacha shule. Anakosa siku mbili, kisha juma, kisha kiti chake kinakaliwa na mwingine. Msichana anabaki nyumbani kulea wadogo. Mvulana anaenda kubeba mizigo, ao kwenye machimbo, ao mahali pabaya zaidi. Katika primaire, mwalimu mmoja aliona kiti kitupu kila asubuhi. Mwaka wa 7, kiti kitupu ni cha kila mtu, maana yake si cha mtu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Nancy Flowers na wenzake Steven Mertens na Peter Mulhall, walifuata shule za katikati zenye ekipe na kuandika mwaka 1999 waliyoyaona. Shule ambamo ekipe zilikuwa na saa ya kukutana ndizo zilizoongea zaidi na wazazi, ndizo ambamo walimu walifurahia zaidi kazi yao, na ndizo ambamo wanafunzi waliendelea vizuri zaidi. Waliona pia kwamba ekipe inayopita watoto 120 inapoteza nguvu. Madarasa mawili ya watoto 60: tuko palepale kwenye mpaka.

Nini kinaivunja ekipe

Tusidanganyane. Mwalimu wa sekondari katika miji yetu mara nyingi anafundisha katika shule mbili ao tatu ili aishi. Akimaliza saa yake anakimbia, kwa sababu motari anamngoja. Wengine wako katika orodha ya N.U.: wanafundisha, lakini serikali haijaanza kuwalipa, na wanangojea kile wazazi wanacholeta. Kumwambia mtu huyo abaki saa moja zaidi bila kitu ni kumtukana. Saa ya ekipe isipowekwa ndani ya ratiba, kama saa ya kazi inayohesabiwa, haitadumu juma tatu.

Je, inaweza kuingia? Mkurugenzi wa masomo akitengeneza ratiba mwanzoni mwa mwaka, achague saa moja ambayo 7A na 7B zote ziko kwa walimu wengine: sport, dini, uraia, kuchora. Walimu wa ekipe wanakuwa huru saa ileile. Hakuna pesa inayotoka. Ni kazi ya penseli na gome. Lakini ni lazima ifanyike mwezi wa nane, kabla ya masomo kuanza, kwa sababu ratiba ikishabandikwa ukutani, kuhamisha saa moja ni kuhamisha shule nzima. Kwa shule zenye asubuhi na mchana, ile nafasi kati ya makundi mawili inaweza kutumika pia.

Kitu cha pili ni uongozi. Shule zetu tayari zinajua mikutano ya walimu: kuna cellule de base, kuna unités pédagogiques ambamo walimu wa somo moja wanakutana. Hiyo ni mizuri, lakini inamkutanisha mwalimu wa hesabu na mwalimu wa hesabu. Wataongea juu ya hesabu. Mtoto haingii katika mkutano huo. Nalo baraza la darasa linakutana wakati pointi zimeshatoka, kuamua nani anapita na nani anarudia. Hapo ni kuzika, si kutibu. Ekipe inakutana mtoto akiwa bado darasani.

Kitu cha tatu ni ulimi. Yanayosemwa juu ya mtoto katika robo saa ya majina yasitoke nje. Siku mtoto atakaposikia uwanjani kwamba walimu waliongea juu ya baba yake aliyeuawa, ekipe imekufa, na pengine mtoto hatarudi.

Hata huko Marekani ambako wazo lilikomaa, pesa zinapopungua, saa ya pamoja huwa kati ya vitu vya kwanza kukatwa. Walimu wanabaki na jina la ekipe bila mkutano. Tujihadhari na jina. Shule inaweza kuandika « ekipe » kwenye mlango na mtoto asione tofauti yoyote.

Na ekipe haitamaliza yote. Haitapunguza watoto 70 kuwa 40. Haitalipa mishahara ya N.U. Madai hayo yanabaki yale yale, na ni ya haki.

Wazazi waulize nini

Mkutano wa komite ya wazazi, COPA, mara nyingi unaishia kwenye mambo ya pesa: kiasi gani, lini, na nani hajalipa. Mzazi mwenye mtoto katika mwaka wa 7 ao wa 8 ana haki ya kuuliza mengine pia. Walimu wa mtoto wangu wanakutana lini? Nikiwa na shida, ni mwalimu gani mmoja anayeweza kunieleza habari nzima ya mtoto? Mtoto akikosa siku tatu, nani anajua, na nani ananipigia? Kazi za nyumbani za juma moja, kuna mtu anayezihesabu zote pamoja?

Maswali hayo hayahitaji shule ya matajiri. Prefe anayeyajibu vizuri ameshapanga ekipe, hata kama hakuipa jina. Asiyeweza kuyajibu anaweza kuanza na darasa moja, walimu watatu na saa moja, kwa periode moja, kisha aangalie viti: vingapi vilikuwa vinakaliwa mwezi wa tisa, vingapi vinakaliwa sasa, na kama kimoja ni kitupu, nani katika shule anayejua mwenyewe yuko wapi.